Sanduku Limefika, Wewe Hujafika

9 Januari

Mdogo wangu Povu,

Marahaba. Najua ukifungua tu bahasha utakuwa umeshaniamkia kwa mdomo, na kama bado, niamkie sasa kabla hujaendelea kusoma. Mimi ni mzima, ila mgongo unaikumbuka miaka yangu ya usukani. Baba naye mzima. Anakula vizuri, analala vizuri, na juzi ameng'oa mlango wa choo.

Usicheke. Bisibisi nilimficha tangu mwaka jana, kwa hiyo ametumia kijiko. Nilitoka uani kuanika nguo, kurudi nikaukuta mlango umeegemezwa ukutani, skrubu zimepangwa mezani kwa ukubwa wake, na mwenyewe amekaa pembeni kama fundi anayesubiri chai. Nikamuuliza, "Baba, umekukosea nini huu?" Akasema, "Ulikuwa unafungika." Nikamwambia kwani kazi ya mlango si kufungika? Akanitazama kama mtu asiyejua lolote kuhusu useremala. Sasa tumetundika pazia, na anayeingia sharti aimbe ili wengine wajue kuna mtu.

Mama wa duka la jirani ndiye aliyeniokoa. Amemtafutia Baba mlango wa kabati bovu, na kila asubuhi anamwita: "Fundi, kazi yako hii hapa." Baba anakaa barazani kwake anazifunga bawaba polepole mpaka adhuhuri, anapewa chai na heshima zake. Jioni yule mama anazifungua tena mwenyewe ili kesho kazi iwepo. Sikumwomba. Nilimkuta tu siku moja anahangaika na skrubu, akanifukuza: "Wewe nenda zako, haya mambo ya mafundi."

Uliniambia tuwe tunapigiana simu, barua zimepitwa na wakati. Povu, mara ya mwisho ulipopiga, Baba aliisikia sauti yako akaanza kukutafuta. Alifungua kabati, akachungulia chini ya kitanda, akatoka nje akaita. Alilala amechoka na kulia. Barua haimsumbui. Anaishika, anainusa, anairudisha kwenye bahasha. Basi tuandikiane tu. Na tukubali ukweli, kwenye simu mimi na wewe tunagombana kabla ya salamu kuisha.

Sasa lililonikalisha kitako. Tuliahidiana: mimi miaka mitatu, wewe miaka mitatu. Mwezi wa nne zamu yangu inakwisha. Bosi ameniambia lori jipya liko njiani kuja, na kiti chake amenishikia mimi, ila hawezi kusubiri kupita mwisho wa mwezi huo. Naota gia, mdogo wangu. Naamka mguu wangu wa kushoto unakanyaga klachi kwenye shuka.

Ahadi ni deni. Nijibu.

Dada yako,
Honi


2 Februari

Dada Honi,

Shikamoo, tena mbili, moja ya sasa na moja ya akiba. Hapa nilipo sijambo. Saluni inakwenda vizuri. Nina mteja amekuja juzi anataka anyolewe afanane na picha ya ujana wake. Nikamwambia mzee, mimi ni kinyozi, sirudishi watu nyuma. Tukacheka sana. Mwenye saluni anasema nimemletea wateja wengi na anataka kunipa kiti cha dirishani, kile ambacho kila mpita njia anakiona. Nikamwambia asubiri kwanza, mimi ni mtu wa safari.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mwezi wa nne nakuja. Sanduku langu nitalitanguliza kwa basi la mizigo, nami nitafuata siku ya pili yake nikiwa na begi la mkononi tu, ili nikishuka niweze kumkumbatia Baba kwa mikono miwili. Umeona nilivyopanga?

Nimecheka kuhusu mlango wa choo mpaka mwenzangu wa kiti cha pili akadhani nimepata pesa. Mwambie mama wa duka akija mtoto wake kwangu nitamnyoa bure mpaka aote mvi.

Samahani kwa mwandiko. Barua hii nimeiandika vipande vipande kwa sababu kila nikikaa naitwa juu. Kuna jirani yangu mmoja wa ghorofa ya tatu. Si kitu, tutazungumza nikija.

Baba ananiulizia?

Mdogo wako,
Povu


3 Machi

Povu,

Barua yako imechelewa njiani lakini imefika, na mimi leo nimefua mapazia yote ya nyumba hii kwa furaha. Chumba chako cha zamani nimekipaka rangi. Ukutani kulikuwa na nyayo zako za utotoni. Jinsi ulivyopanda ukutani kwa miguu sijui mpaka leo, na nilipozifuta roho iliniuma kidogo.

Baba hajambo. Juzi alianza kuushughulikia mlango wa mbele. Nikamkuta ameshatoa skrubu mbili za bawaba ya chini. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikambembeleza tena. Alikasirika, na unajua Baba akikasirika, hatukani, anakung'uta nguo zake tu. Huo mlango siwezi kumwachia. Wa choo tutaimba, lakini wa mbele tutaibiwa.

Nimekwenda gereji ya Bosi kuliona lori. Bado lina karatasi za nailoni kwenye viti. Nilipanda nikakaa. Dereva mwenzangu wa zamani, yule tunayemwita Taratibu kwa sababu ya mwendo wake, akaniambia, "Shuka, utaota mizizi humo." Sikushuka upesi.

Umeniuliza kama Baba anakuulizia. Anauliza mambo mengi. Njoo tu.

Honi


6 Aprili

Povu,

Sanduku limefika, wewe hujafika.

Nilimvalisha Baba shati lile jeupe. Tulikwenda kituoni mapema, mimi na yeye na mwavuli mmoja. Tuliona basi lako likiingia, tukaona watu wakishuka wote mpaka kondakta, mpaka mtu aliyekuwa amelala kiti cha nyuma. Baba alimpa mkono kila kijana aliyeshuka. Kisha nikapata ujumbe wako kwenye simu: umekwama, samahani, utaeleza. Hujaeleza. Nimepiga, hupokei.

Jana nikaamua kulifungua hilo sanduku, nikitegemea labda ndani yake nitakukuta wewe. Nguo zako nimezikunja. Vitana vyako nimeviweka dirishani. Halafu nikafungua kile kikopo cha bati unachowekea makali ya mashine zako, na humo ndani, mdogo wangu, mna meno.

Si jino. Meno, ya juu na ya chini, na ufizi wake, yamelala kwenye kitambaa yananicheka. Nilipiga kelele mama wa duka akaja mbio na mwiko. Meno yako nayajua, lile la mbele lililomeguka ulipoanguka na baiskeli niliokota mimi kipande chake. Haya ni ya nani? Umeoa mwanamke mzee? Umemwibia mteja? Kuna mtu huko anakula kwa ufizi kwa ajili yako?

Bosi amenipa mpaka mwisho wa mwezi na hataongeza. Nataka maneno ya kueleweka, si ya saluni.

Honi


19 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuomba uisome barua hii umekaa, na kama unaweza uisome ukiwa umeshakula.

Meno ni ya mzee wa ghorofa ya tatu.

Alikuwa karani wa mahakama. Mwaka jana aliingia saluni na ndevu zimenyolewa upande mmoja tu. Upande wa kulia safi kabisa, wa kushoto kichaka. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa karibu kucheka nikaona sabuni imekaukia upande ule, nikajua alianza mwenyewe nyumbani akasahau alichokuwa anafanya. Nikamkalisha nikamalizia. Nilipomsindikiza nikagundua anakaa juu ya kichwa changu. Kwake palikuwa na sufuria limeungua na madirisha yamefungwa yote. Mkewe alishafariki. Mwanawe yuko ng'ambo, si mtu mbaya, anatuma anachoweza na anapiga simu, lakini simu haimwogeshi mtu.

Nilisema nitampelekea supu mara moja. Unajua mara moja inavyozaa. Nikawa namnyoa, nikawa namwogesha, nikawa nalala kwenye kochi lake akiwa na homa. Kwa maneno bado ni karani. Nikiingia na chai anasema, "Aletwe mshtakiwa." Nikimwosha masikio anasema anakata rufaa.

Siku ya safari nilipanda kumuaga. Nilishampata mama mmoja wa jengo hilo aliyekubali kumwangalia. Nikamkuta amekaa kitandani amefunika mdomo kwa kiganja. Meno hayakuonekana. Hakutaka yule mama amwone bila meno, hakutaka kula, hakutaka hata kusema. Nikatafuta chini ya kitanda, ndani ya viatu, ndani ya birika. Nikaangalia saa, nikatafuta tena. Alipoona natazama saa akafunua mdomo akasema, "Nenda, mwanangu, utachelewa," na chozi likamtoka. Dada, niliweka begi chini. Basi liliondoka nikiwa nimeingiza mkono nyuma ya friji.

Na meno niliyachukua mimi! Usiku wa kuamkia safari, nikifungasha sanduku liwahi basi la mizigo la usiku, niliyasafisha, nikayaweka kwenye kikopo chake cha bati ambacho ni ndugu pacha wa kikopo changu. Nikapakia kikopo kisicho changu. Makali yangu yako kwake, na meno yake yako kwako.

Sikukueleza mapema kwa sababu niliona aibu. Ningeanzaje kukuambia kwamba namwogesha baba wa watu, wakati wa kwetu unamwogesha wewe peke yako? Kila nilipoandika sentensi hiyo niliichana.

Yule mama naye amepata kazi mbali, atahama. Sijui nifanyeje. Nikija namwacha, nikibaki nakuacha.

Ananiita kwa jina la mwanawe. Mwanzoni nilimsahihisha, akaomba radhi kwa aibu kubwa hata nikajuta. Siku hizi naitika.

Povu


4 Mei

Povu,

Leo hakuna salamu.

Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi walikuwa hawajakuona wewe. Wa mwenzio umeubeba mpaka mgongo umepinda, wa nyumbani kwako ndio umeuona usufi, Honi ataubeba, Honi ana mabega. Miaka mitatu sijalala usingizi wa kumaliza ndoto. Sijavaa kiatu cha kisigino. Rafiki zangu wameacha kunialika kwa sababu jibu langu wanalijua. Na wewe ulikuwa na huruma ya kutosha ya kumlisha mtu supu, kumbe huruma hiyo haipandi basi.

Lori limekwenda. Bosi alisubiri mpaka siku ya mwisho, hana lawama. Kiti amempa kijana mmoja. Jumatano lilipita hapa mtaani, nailoni bado iko kwenye viti, na yule kijana akapiga honi kunisalimia kwa heshima. Nilikuwa nimeshika ndoo. Niliinua mkono nikamsalimia, nikaingia ndani, nikakaa chooni nyuma ya pazia nikalia huku naimba, ili Baba asiingie.

Usinijibu kwa vichekesho.

Meno nimempa Taratibu, ana safari ya huko. Nimeyasugua, nimeyafunga kwa kitambaa safi, nikayaweka kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana. Mzee wa watu hana kosa. Asile mkate wa kulowekwa kwa sababu ya ugomvi wetu. Nimemwambia Taratibu ayakabidhi mkononi, na kwa mara moja maishani mwake aendeshe upesi.

Honi


23 Mei

Dada Honi,

Shikamoo. Sitakuchekesha. Yote uliyosema ni kweli, na nimeyasoma zaidi ya mara moja ili yaniume sawasawa.

Meno yamefika. Taratibu alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu na kofia mkononi kama anapeleka posa. Mzee aliyapokea, akageukia ukutani kuyavaa kwa sababu ya wageni, akageuka akasema, "Kikao kinaendelea." Halafu akaomba ganda la mkate, lile gumu la mwisho. Alilitafuna polepole, na sisi wawili tumesimama tunamtazama kama watu wanaosikiliza taarifa ya habari. Akauliza nani ameyasafisha vizuri namna hii. Nikasema dada yangu. Akasema, "Huyo dada ana hasira, lakini ni mtu." Sijui alijuaje. Labda Taratibu alimnong'oneza.

Nimempigia mwanawe. Nilijiandaa kugombana naye. Nikamweleza kwamba nina baba yangu, zamu yangu imepita, na dada yangu amepoteza kazi kwa ajili yangu. Nikasikia kama anakohoa. Kumbe analia. Akasema, "Kaka, mpeleke popote palipo na mtu. Mimi nitakuja nikipata ruhusa, nikukute naye." Nikashindwa kugombana.

Kwa hiyo nakuomba jambo, na ukikataa sitakulaumu. Nije naye. Chumba changu kinaingia vitanda viwili. Nitawaosha wote wawili, nitawapikia, nitawanyoa siku moja. Wewe hutamgusa. Wewe utakwenda kwa Bosi ukaombe chochote chenye magurudumu. Mzee nimemuuliza kama atakubali kuhama, akafikiri, akasema mahakama inayotembea ni jambo la kawaida kisheria.

Ukisema hapana, nitamtafutia mahali hapa hapa, nije peke yangu. Ila sitakuficha, nitakuja nusu.

Na nimekuuliza tangu mwezi wa pili kama Baba ananiulizia. Unanipiga chenga. Mbona hunijibu?

Povu


10 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko salama. Mvua imenyesha, mama wa duka amejifungia ndani na mafua, kwa hiyo wiki hii skrubu za kabati nazifungua mimi kila jioni. Kazi ile inachosha vidole. Sasa namheshimu maradufu.

Taratibu alipita hapa akitoka huko. Alikaa, akanywa chai, akaanza kueleza kwa mwendo wake ule ule, nusura nimpige teke aongeze gia. Alisema alikukuta umepiga magoti unamkata yule mzee kucha za miguu, na mzee ameweka mkono wake kichwani kwako. Akamaliza chai. Akaaga.

Nimekaa na picha hiyo siku nyingi kabla ya kushika kalamu. Sasa nakujibu swali lako.

Baba hakuulizii, kwa sababu hajui kama hupo. Anadhani upo shule. Mtu asiyemjua ni mimi. Ilianza mwishoni mwa mwaka jana. Asubuhi moja nilimpelekea chai akanipa asante, akauliza, "Mama, wewe unatoka mtaa gani?" Nikadhani anatania. Tangu siku hiyo ananiita Mama Mwema. Nikimvalisha soksi ananiombea. Anasema, "Wewe si damu yangu na unanifanyia haya. Mungu akulipe." Kila siku, Povu, nashukuriwa kama mpita njia. Sikuandika kwa sababu nikiandika linakuwa kweli.

Kwa hiyo uelewe hasira yangu ilitoka wapi. Lori liliniuma, sikatai. Lakini kilichonichoma ni ile sentensi yako ya mwisho. Wewe mzee asiye wako anakuita mwanangu na unaitika. Mimi wa kwangu namwosha mgongo, mgongo ulionibeba, na ananiuliza natoka mtaa gani. Nilikuonea wivu. Nimeona wivu kwa ajili ya mzee asiye na meno, basi kuishi kwingi ni kuona mengi.

Halafu nikawaza. Kama Baba anaweza kutunzwa na mwanamke asiyemjua na akashiba na akalala, basi huyo mzee wako naye anaweza kuletwa kwa watu asiowajua. Hapa tumeshazoea ugeni ndani ya nyumba moja.

Mlete. Kitanda chake kiwe upande wa dirisha. Mweleze mapema kwamba kwetu milango haikai muda mrefu, na chooni watu huimba. Na usiseme sitamgusa. Sahani yake nitaiosha nikiosha zetu, sitaipitia pembeni.

Dada yako,
Honi


1 Julai

Dada,

Shikamoo, tena leo ni tatu.

Tunakuja Jumamosi ya pili, wawili. Mzee amefungasha tai nne na kengele ya mezani. Kiti cha dirishani amepewa mwenzangu. Alinikumbatia akaniuliza kama kinaniuma, nikamwambia kidogo, naye akanizawadia mashine yake nzuri ya kunyolea, ile aliyokuwa haruhusu mtu kuigusa. Wateja wangu wameandika majina yao kwenye shati langu la kazi. Nimevaa hilo hilo ninavyoandika.

Jana usiku Mzee aliniita, akanitazama vizuri, akasema, "Wewe si mwanangu. Wewe ni kinyozi." Nikasema ndiyo, Mzee. Akasema, "Basi umefanya vizuri zaidi." Asubuhi alikuwa ameshasahau, akaniita kwa jina la mwanawe, nami nikaitika.

Vikopo, cha meno na cha makali, nimevihesabu na kuviandika kwa rangi nyekundu. Safari hii hatupotezi kitu.

Povu


14 Agosti

Mdogo wangu Povu,

Nakuandikia nimeegemeza karatasi kwenye usukani, kwa hiyo mwandiko ukitetemeka ni injini. Lori alilonipa Bosi ni lile kuukuu, linakohoa kila mlima, kiti kimechanika na redio inashika stesheni moja ya mahubiri. Nimelipenda. Jana nilisimama kando ya barabara nikalala saa za kutosha, nikaamka mwenyewe bila kuitwa na mtu. Nikacheka peke yangu.

Nisalimie wazee wangu wote wawili. Mwambie Karani ile hukumu yake kuhusu supu yangu naikatia rufaa. Mama wa duka mpelekee limau. Na usiache kumkata Baba nywele za masikioni, anasema hazimsumbui lakini zinamsumbua.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukulisikia siku niliyoondoka, kwa sababu ulikuwa ndani unamvalisha Karani.

Nilishaweka begi langu begani. Nilimkuta Baba kwenye mlango wa mbele, amepiga magoti, ana kile kijiko chake. Ameshatoa skrubu zote za bawaba ya chini. Nikataka kumzuia, nikakumbuka kwamba si zamu yangu tena. Nikachuchumaa kando yake. Nikamwambia, "Mzee, naondoka."

Akasimama kwa shida, akafuta mikono kwenye suruali, akanipa mkono kwa heshima zote. "Mama Mwema," akasema, "unakwenda mbali?"

Nikasema, "Mbali."

"Kwa barabara?"

"Kwa barabara."

Akanisogelea kama mtu mwenye siri. Akasema, "Basi nitakutuma. Huko njiani uangalie malori. Mimi nina binti anaendesha lori. Lori kubwa. Wanaume wanampisha." Alisema hivyo kifua mbele, Povu. Nilikuwa sijui kwamba Baba anajivunia mimi. Miaka yote alikuwa akiniambia kazi ile haina adabu.

Nikamuuliza nikimwona nimwambie nini.

Akauonyesha mlango kwa kijiko. "Yeye hana saa ya kurudi. Hurudi usiku, hurudi alfajiri, amechoka. Mwambie asihangaike na hodi. Milango yote nazidi kuing'oa, kila nikiing'oa kuna mtu anairudisha, lakini naendelea. Mwambie akija atakuta pako wazi."

Nilimwambia nitamwambia. Nikambusu mkono. Akaniombea safari njema kama anavyoniombea nikimvalisha soksi, akarudi kupiga magoti kwenye kazi yake.

Niliirudisha mimi ile milango. Kila mara. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikijifungia nje bila kujua.

Kwa hiyo nina ombi moja, na najua litakusumbua. Akiung'oa mlango wa mbele, usiurudishe. Weka pazia, weka kiti, mpe Karani kengele yake akae zamu pale na tai yake, au tandika mkeka ulale mwenyewe kizingitini. Mzigo huu nikiushusha nageuza, mwisho wa mwezi nitakuwa nyumbani, na sitabisha hodi.

Dada yako,
Honi